Nyuso Dirishani

Harmon, Alabama
Alhamisi, 9 Aprili 1964

Mdogo wangu Thaddeus,

Salamu zikufikie wewe, Verlene na watoto, huko kwenye baridi mliyoichagua wenyewe. Sisi hatujambo. Mama miguu inamvimba lakini mdomo uko imara, na ameniamuru nikuulize kabla ya yote kama bado unakwenda kanisani au umemwachia Verlene kazi hiyo. Anakusalimu sana. Pasaka alivaa ile kofia ya kijani uliyomtumia, yenye ua pembeni, na wanawake wa safu ya mbele hawakusikia hata neno la Mchungaji Gaines kwa kuikodolea macho.

Sasa habari yenyewe. Jumatatu tuliandamana. Ndiyo, mimi huyu huyu uliyekuwa ukinicheka kwa kuogopa bata wa jirani. Tulitoka kanisani mpaka mahakamani, kwa kuwa ile ofisi ya kujiandikisha kupiga kura hufunguliwa Jumatatu, na Mchungaji alisema tuvae nguo za Pasaka ili tusionekane kama watu wanaokwenda kuomba. Tulipofika walitufungia mlango. Tukaimba, tukarudi, hakuna aliyeguswa. Nilikuwa na kamera shingoni na watu wenyewe walinidai, usinipite Ardelia, kofia yangu imeingia Ardelia? Nikawapanga pale pale barabarani kama wanakwaya, kidevu juu, macho kwangu. Hosea fundi viatu, aliyebeba bendera mbele, aligeuka kila mara ili nipate shavu lake zuri.

Unaujua utaratibu wetu tangu enzi za marehemu mume wangu. Picha za Pasaka, za ubatizo na za harusi zote hutundikwa kwenye dirisha la studio, kila mtu aje ajitafute, acheke, achague yake. Basi za maandamano nazo nimezitundika. Mtaa mzima umekuja. Shemasi mmoja amegundua kwamba aliandamana amefumba macho, na mkewe anasema ndivyo alivyomwoa. Mama yuko safu ya pili, na kofia yake, anacheka meno yote.

Na jana, nisikufiche, nilijisikia mtu. Hata mabibi wa Kizungu wamekuja kuangalia. Magari yao yalipita mbele ya dirisha polepole, moja nyuma ya jingine, na Bi. Dabney, ambaye Mama anampikia, alishuka kabisa akasogeza uso kwenye kioo. Sijawahi kuona Mzungu akiitazama kazi yangu kwa makini namna ile.

Dada yako,
Ardelia


Detroit, Michigan
16 Aprili 1964

Dada Ardelia,

Mimi mzima, Verlene mzima, Yvonne amepata surua na sasa anaendelea vizuri. Mwambie Mama kanisani naenda, na kama hanisadiki amuulize Verlene, ambaye hawezi kusema uongo hata akilipwa.

Barua yako niliisoma ndani ya basi nikapitiliza kituo cha kazini. Dada, toa zile picha. Ukiwa umesimama unasoma hapa, weka karatasi chini uende dirishani sasa hivi. Hivi kweli unadhani Bi. Dabney alitoka kwenye mtaa wake wenye miti akaja mtaa wetu kuangalia ufundi wako? Alikuja kumtafuta mpishi wake. Wote wale walikuja kutafuta wapishi wao, wafua nguo wao, na vijana wanaowakatia majani. Umewapangia vizuri, kidevu juu, macho mbele.

Nisamehe kwa ukali. Najua kila mtu mjini alifurahi na hakuna aliyekukataza, na ndilo linalonitisha zaidi. Niandikie upesi. Mama anauliza nitakuja lini, nami namjibu kwamba kiwandani kazi ni nyingi mno wakati huu.

Mdogo wako,
Thaddeus


Harmon
27 Aprili 1964

Mdogo wangu,

Nashukuru kusikia Yvonne amepona. Mpakeni mafuta, surua huacha ngozi kavu. Mama anakusalimu. Bustani imeanza kutoa mboga na jana tulizila na mkate wa mahindi.

Picha nilizitoa kabla barua yako haijafika.

Mama amepata mapumziko. Bi. Dabney amemwambia hamhitaji tena, baada ya miaka yote ile na baada ya kumlea mumewe Royce tangu hajaota meno, halafu kuwapikia wote wawili. Mama anasema miguu yake imeshukuru. Si yeye peke yake, wanawake wengi kanisani sasa wanashinda nyumbani. Familia mbili zimetolewa kwenye mashamba na vyombo vyao vimewekwa kando ya barabara. Nyumba ya Mchungaji ilipigwa risasi Jumapili wakiwa mezani. Hakuna aliyeumia ila bakuli la supu.

Kwa Hosea hatukupata bahati hiyo. Walimvamia kwenye karakana yake mchana kweupe, mteja akiwa amekaa na kiatu kimoja mguuni. Walimlaza juu ya meza yake mwenyewe wakampiga kwa minyororo, mwisho wakachukua nyundo yake ya kugongea soli. Jicho la kushoto halipo tena. Walikuja wanamjua kwa sura, hawakuuliza jina.

Biashara imepoa kidogo. Wenye harusi wameahirisha. Wasalimie wote.

Ardelia


Detroit
Jumapili ya Akina Mama, 10 Mei 1964

Dada,

Leo hapa kila mwanamume amebandika ua kifuani kwa ajili ya mama yake, nami nimebandika langu jekundu, la mtu ambaye mama yake yu hai. Mpe Mama busu. Watoto wamemchorea kadi, lile doa la kahawia ni mimi niliyemwaga kahawa.

Nakuuliza kama ndugu: kwa nini nisikie kwa watu? Binamu ya Verlene ana mama yake hapo Harmon. Jana alikuja kwetu kula kambare, akatuambia mbele ya watoto kwamba mjini wanasema Ardelia aliwauza watu kwa kuwatundika dirishani. Nilimfukuza mezani. Alipotoka nikakaa nikaisoma tena barua yako. Umeandika habari za Hosea na za wapishi bila kulitaja dirisha hata mara moja. Mtu asiyekujua angedhani ni mvua iliyonyesha tu.

Sikulaumu. Uongo, nakulaumu, halafu nakuonea huruma, halafu nalaumu tena. Funga studio. Mlete Mama. Tuna chumba nyuma, na mimi siku hizi nina nafasi ya kutosha ya kukipaka rangi. Kulikuwa na mtu kiwandani, mwenye mdomo mchafu, alinifanyia utani juu ya watu wanaoandamana huko kwetu. Nilimjibu kwa mkono. Hilo si la kumwambia Mama.

Thaddeus


Harmon
21 Mei 1964

Mdogo wangu,

Kadi ya watoto imewekwa juu ya redio na haruhusiwi mtu kuigusa. Mama anakusalimu, anawabariki. Anauliza hiyo nafasi ya kutosha umeitoa wapi. Sikumjibu.

Ndiyo. Ni dirisha langu. Ni mimi niliyewaambia wainue kidevu. Naingia kanisani na benchi linaachwa tupu kulia na kushoto kwangu, na sina wa kumlaumu. Naona aibu mpaka chakula hakipiti.

Juzi kulikuwa na mkutano wa kupanga maandamano mengine. Hosea alisimama, kitambaa jichoni, akasema, "Ardelia aandamane kama mtu mwingine. Ila hicho kidude cha picha akiache nyumbani." Watu wote wakaitikia.  Aliyesimama kupinga ni Mama, na kofia yake, akawauliza kama walikuwa wanataka kupigwa mara ya pili halafu waambiwe walianguka wenyewe. Kwa Hosea polisi wameandika kwamba alidondoka kwenye ngazi, na karakana yake haina ngazi.

Hapo nikasimama. Nikawaambia nitatembea nyuma ya watu wote. Nitapiga migongo na visogo tu, na nyuso zitakazoonekana ni za wale watakaokuwa wametukabili. Hosea akauliza, "Na ukikosea?" Nikamwambia tutaingia pamoja kwenye chumba cha giza, yeye na mkasi wake wa kukatia ngozi, na kila negativu, kile kipande cha filamu picha inakotolewa, yenye uso wa mtu wetu ataikata mbele yangu.  Akasema mkasi wake ni mkali, nami nikasema ndiyo vizuri.

Tutaandamana Jumatatu, tarehe mosi Juni. Nimemwomba Mama abaki. Amenijibu kwamba sasa hana kazi, ana Jumatatu zote.

Ardelia


Harmon
8 Juni 1964

Kwa Thaddeus,

Salamu. Natumaini mko salama. Hapa kuna joto.

Tuliandamana. Kulikuwa na fujo. Mkono wangu wa kushoto uko kwenye plasta, ndiyo maana mwandiko umelala, karatasi inanikimbia. Mama amepumzika.

Kopo hili la karanga za pekani usilile haraka. Chini, ndani ya kile kitambaa cha jikoni, kuna negativu. Nimeshanakili negativu nyingine za kubaki nazo huku, kwa hiyo hizi kaa nazo wewe. Usimwonyeshe mtu bado. Nyumba yetu inaweza kuchomwa siku yoyote, yako haitachomwa.

Wasalimie.
Ardelia


Detroit
15 Juni 1964

Dada,

Kopo limefika. Sijala hata punje.

Nilizishika negativu dirishani kwenye mwanga. Mimi si fundi, nilichoona ni watu weupe wamegeuza migongo na watu weusi wamepanda farasi, mpaka nikakumbuka kwamba kila kitu humo kiko kinyume. Naona marungu. Naona moshi. Naona mtu chini na buti limesimama juu ya mkono wake. Kwenye moja naona mwanamke ameshika kofia mkononi, ua pembeni, na mwanamume juu ya farasi ameinua kitu.

Tangu nimeondoka Harmon hujawahi kuandika barua bila kusema Mama ananisalimu. Hata ulipokuwa na homa ya mapafu uliandika mistari miwili, na mmoja ulikuwa huo. Hii ya mwisho nimeisoma mbele na nyuma. Umesema amepumzika.

Niambie. Usinifiche kama nilivyokuficha mimi. Kiwandani wamenifukuza tangu Mei, kwa ajili ya yule niliyempiga. Sasa na wewe sema lako.

Thaddeus


Harmon
24 Juni 1964

Mdogo wangu mpenzi,

Kaa chini. Mwite Verlene akae karibu.

Mama amefariki. Alikufa Alhamisi ile, tarehe nne, kitandani kwake, nami nimemshika. Tulimzika Jumapili iliyofuata. Sikukupigia simu wala kukutumia habari, na kosa hilo nimelifanya nikiwa na akili zangu. Alinilazimisha niape. Alisema, "Msimwite Thaddeus. Ana moto yule. Akija watamuua na yeye." Ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyokamilika. Baada ya hapo alikuwa anataja vyakula, kana kwamba anapanga meza ya watu wengi.

Nakueleza yote kwa sababu una haki nayo. Tulitoka kanisani tukiimba. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, na Mama mbele yangu tu, kwa kuwa miguu yake ilimrudisha safu ya mwisho. Mahakamani walikuwa wamepanga mstari, polisi mbele na mgambo wa mji pembeni juu ya farasi. Mgambo wenyewe ni watu unaowajua: yule wa posta, daktari wa meno, wauza mbolea. Silaha walipewa na Royce Dabney kutoka dukani kwake. Mipini ya shoka, mipya. Vikaratasi vya bei vilikuwa bado vinaning'inia kwa uzi.

Hawakutuambia tutawanyike. Walirusha mabomu ya machozi kisha wakaingia. Mchungaji Gaines walimpiga magoti mpaka akaanguka, alipoanguka wakampiga mgongo. Binti mmoja wa kwaya aliburutwa kwa nywele ngazi zote za mahakama, kichwa kikigonga kila ngazi. Shemasi, yule aliyefumba macho, alikuwa ametapakaa damu na anaokota meno yake barabarani, anayaweka mfukoni. Mimi nilikuwa napiga picha, Thaddeus. Sikumsaidia mtu. Niliendelea kuvuta filamu na kupiga, migongo ya watu wetu na nyuso za wale, na machozi yananitoka kwa moshi na kwa hasira.

Ndipo Royce akaja upande wetu na farasi. Nilimvuta Mama mkono. Akajinasua. Akavua kofia. Unaelewa alifanya nini? Aliivua ili Royce amtambue. Akamwambia, "Royce, ni mimi. Ni Lutie." Kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwitia chakula. Nami najua alimtambua, kwa sababu alisita. Farasi alisimama. Kisha akainua mpini, kidole changu kikabonyeza kamera, akampiga kichwani, pale pale ambapo kofia ingekuwa, na alipoanguka akampiga tena, na farasi akamkanyaga kifuani. Nikalala juu yake. Mwingine akanipiga mkono mpaka nikasikia mfupa. Kamera nilikuwa nimeilalia.

Karatasi ya kifo imeandikwa kwamba sababu ni jua kali.

Usiku aliofariki nilitaka kuchoma filamu zote. Asubuhi Hosea alikuja mwenyewe na mkasi. Tuliingia chumba cha giza kama tulivyoahidiana, mimi mkono mmoja, yeye jicho moja. Tulipitia moja moja. Alikata zile ambazo mtu wetu amegeuka. Tukafika kwenye ya Mama. Uso wake unaonekana wote kwa upande, akimtazama Royce. Nikamwambia, "Kata, ndiyo makubaliano." Hosea akaweka mkasi chini. Akasema, "Hii hapana." Tukalia wote wawili mle gizani, na siku hiyo hatukufanya kazi nyingine.

Ndani ya bahasha kuna picha yake kwenye jeneza, kama tunavyowapelekea siku zote watoto walio Kaskazini ambao hawakuwahi mazishi. Nimewapelekea wengi picha hizo na sikuwahi kufikiri ugumu wa kulamba bahasha yake. Nilimpiga kwa mkono mmoja, Hosea alinishikia taa. Kofia ya kijani tumemvalisha. Imefunika vizuri.

Nisamehe ukiweza.
Ardelia


Detroit
2 Julai 1964

Ardelia,

Sina salamu.

Picha iko juu ya meza tangu ilipofika na hakuna anayekula hapo. Verlene amegeuza vioo vyote vitazame ukuta, kama wafanyavyo watu wetu kwenye msiba. Yvonne ameuliza kwa nini bibi amelala na kofia.

Ulininyima kumzika mama yangu. Umeniandikia habari za joto na karanga wakati alikuwa kaburini. Siwezi kukusamehe leo, labda kesho, sijui. Na mimi najichukia kuliko ninavyokuchukia wewe, kwa sababu kila mwaka nilimwambia nitakuja kiangazi, na kila kiangazi nikasema kazi nyingi. Haikuwa kazi. Nilikuwa naogopa kushuka kwenye basi pale Harmon na kuanza tena kutembea nimeinamisha kichwa. Mama alitembea amekiinua, na miguu ile.

Nimenunua bastola. Sitaki ushauri wala mahubiri. Nataka jibu moja tu kutoka kwako, wewe unayeona duka lake kila siku: Royce Dabney hufunga saa ngapi, na hutokea mlango gani? Nikipata jibu lako napanda basi.

Thaddeus


Harmon
20 Julai 1964

Mdogo wangu Thaddeus,

Salamu kwako, kwa Verlene, na kwa watoto. Mwambie Yvonne bibi alilala na kofia kwa sababu aliipenda kuliko vitu vyake vyote, na baba yake ndiye aliyeinunua.

Barua yako nimeisoma mara moja nikaichoma jikoni. Hasira yako naikubali yote. Swali lako silijibu. Mama aliniapisha nisikulete kufa, na kiapo hicho hakikwisha kwenye mazishi. Badala yake nisikilize nilichofanya.

Nimerudi kwenye utaratibu wetu. Nimesafisha nyuso zao zote, kubwa, ukubwa ule wa picha za harusi, Hosea akinishikia karatasi. Yule wa posta akiwa ameuma ulimi kwa juhudi. Daktari wa meno na mguu wake juu ya mkono wa mtu. Katikati nikamweka Royce Dabney na mpini ulioinuliwa juu, kikaratasi cha bei kinaonekana, na Mama mbele yake na kofia mkononi. Nikazitundika dirishani Jumamosi, tarehe kumi na moja, siku ambayo mji mzima hutoka.

Habari zilifika upande wa pili kabla ya chakula cha mchana. Mabibi wakaja tena na magari yao, polepole, moja nyuma ya jingine. Safari hii walikuwa wanatafuta waume zao.

Bi. Dabney alishuka. Nilitoka nikasimama mlangoni. Alisogeza uso kwenye kioo kama siku ile ya kwanza. Akauliza, "Huyu ni Lutie?"

Nikamwambia ndiye.

"Mbona amevua kofia?"

"Ili Bwana Royce amtambue," nikamjibu.

 Alirudi akakaa kwenye gari na hakuliwasha mpaka barafu aliyokuwa ameinunua ikaanza kuvuja kwenye kiti.

Jumatatu mumewe, Royce, akaja mwenyewe, mchana, watu wanaona. Alikuwa na mpini mwingine. Alivunja kioo chote, akaingiza mikono kuzing'oa picha, vigae vya kioo vikamkata mpaka kwenye viwiko, na yeye anazidi kuchana huku damu inatiririka kwenye shati, anatukana, analia kama mtoto aliyenyimwa. Mimi sikuwamo ndani. Nilikuwa ng'ambo ya barabara kwa Hosea, nyuma ya rafu ya viatu, na kamera. Nimempata uso mzima. Jumanne asubuhi nilitundika picha zote upya, na hiyo nikaiongeza.

Ijumaa walipita na gari wakapiga risasi. Hakukuwa na kioo cha kuvunja. Zimetoboa lile pazia letu la kupigia picha, lililochorwa bustani, na sasa ukisimama mbele yake unaona mwanga kati ya maua.

Jana baada ya ibada aliingia Hosea. Alikuwa na suti ya Pasaka. Akakaa kwenye kile kiti, akavua kitambaa jichoni, akasema, "Nipige picha upande huu. Halafu niweke dirishani." Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema mara ya kwanza hakuulizwa, sasa anajiweka mwenyewe. Nilipotoa kichwa kwenye kamera niliona mstari umefika mpaka mtaani. Mchungaji na magongo yake. Binti wa kwaya, nywele bado hazijaota upande mmoja. Shemasi alifungua kinywa pengo lote lionekane, na macho safari hii aliyakodoa mpaka watu wakacheka. Ni mara ya kwanza kucheka humu tangu Aprili. Nililia huku nawaambia kidevu juu, macho kwangu.

Naogopa, Thaddeus. Wanaweza kuja leo na petroli. Ndiyo maana nakuomba uzipeleke negativu kwa gazeti la watu wetu huko, na waandike jina langu lote. Wakishachapisha, Royce atavunja vioo mpaka achoke na Mama ataendelea kumtazama.

Halafu njoo. Bastola iache. Leta suti ya bluu uliyoolea, na unyoe, usije na ndevu za Detroit. Upande mmoja wa dirisha wako wao na upande mwingine tuko sisi, tumekabiliana. Pembeni kwa Mama nimeacha nafasi ya picha moja, na wapita njia wameanza kuniuliza ni ya nani.

Dada yako,
Ardelia